Maswali ya Mama Bobini

Sanduku ndilo lililomchelewesha. Mwenyewe alikuwa amekwisha kushuka ngazi za ndege, amekwisha kuvuka uwanja akiongozwa na askari wa kike aliyemshika kiwiko kama anayemshika mgonjwa. Lakini sanduku lake lilikuwa limelala tumboni mwa ndege, chini ya masanduku ya watu mia tatu, na sheria ni kwamba sanduku haliruki bila mwenyewe. Basi ndege ikasimama. Wapakiaji wakaitwa tena, wakafungua mlango wa chini, wakaanza kupakua. Kwa dakika arobaini alikaa kwenye benchi nyuma ya kioo akitazama mizigo ya wenzake ikitolewa juani mmoja mmoja, na kwenye kila kidirisha cha ndege ile aliona, au alidhani anaona, uso wa mtu anayetaka kumjua huyu ni nani.

Ofisa wa zamu alikuja na fomu.

"Unaumwa, mama?"

"Siumwi."

"Umepata simu ya msiba?"

"Hapana."

Ofisa alishusha kalamu. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya ugonjwa na nafasi ya msiba. Nafasi ya woga haikuwamo. Mwishowe akaandika "sababu binafsi," akamwonyesha pa kutia sahihi, na mama wa watu akatia sahihi iliyotoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Mumewe, dereva wa lori mstaafu, alikuwa bado nje kwenye uzio, vidole amevipenyeza kwenye waya, akingoja kuiona ndege ya mkewe ikipaa. Alipomwona anatoka na sanduku lake aliuacha uzio, akamwendea. Alilipokea, akalipakia kwenye teksi, wakarudi nyumbani kila mtu na dirisha lake.

Mtaani walimwita Mama Bobini, kwa kile kigurudumu kidogo cha kuzungushia uzi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani, na haikuwa imeonekana bado cherehani ya kumshinda. Mafundi nguo walimletea mashine zilizokwisha kukatiwa tamaa, naye huzifungua hadi nati ya mwisho, akazitandaza juu ya gazeti, akazisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Mwanamke wa namna hiyo, aliyepanda mapaa kuziba bati na kuua nyoka kwa ufagio, hakuna aliyedhani angeshindwa na kiti chenye mkanda.

Na safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Kifungua mimba wake alikuwa nchi ya mbali, mwendo wa saa kumi na tatu angani, akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa na mimba ya mapacha. Daktari alimwamuru alale, asiinue hata ndoo, na mumewe alikuwa baharia, yuko melini miezi mitatu zaidi. Hapakuwa na wa kumpa maji. "Mama, njoo," binti alikuwa amesema, naye si binti wa kuomba. Mkwe akatuma tiketi kutoka bandari asiyoijua mtu.

*

Adhuhuri ile ile mtaa mzima ulikuwa umemuaga. Mafundi nguo walimletea kofia mbili za sufi, ndogo kama za kuvika mayai. Sasa, kabla jua halijazama, teksi ilisimama mbele ya watu wale wale waliopanga ndoo zao bombani, na Mama Bobini akashuka. Mmoja akasema pole, bila kujua anampa pole ya nini, na wengine wote wakadakia pole hiyo hiyo.

Kitinda mimba wake, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa karani wa ghala, alijaribu kulifanya jambo kuwa dogo. Alisema mama amevunja rekodi, amekwenda ughaibuni na kurudi kwa saa tano. Baba yake alimtazama mara moja tu. Kijana akaenda kukaa uani.

Kumpigia binti simu ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Mama Bobini alikuwa amejitayarishia uongo wa pasipoti kuwa na kasoro, lakini sauti ya mwanawe iliposema, "Mbona simu yako iko hewani, hujapanda?" uongo ukamwishia mdomoni.

"Nilipanda ngazi," alisema. "Nikashuka."

Akaongeza, kabla hajaulizwa:

"Niliogopa, mwanangu. Sina neno jingine."

"Hamna shida, Mama," binti alisema, kwa sauti ile ya watu wenye shida. Akaongeza kwamba kampuni ya ndege ingeweza kuisogeza tiketi siku tisa mbele, kwa faini, na kwamba kama hataweza basi asijitese, atatafuta mtu wa kumwangalia. Mama Bobini alilala na neno lile "mtu" kichwani.

*

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za mashauri. Mwuza duka, aliyempimia sukari huku akisema, "Mama, mimi nilidhani saa hizi uko kwenye baridi," alimshauri anywe dawa ya usingizi. Wifi yake alimwambia afumbe macho na kumtaja Mungu mpaka watue. Mteja mmoja alimhakikishia kwamba ndege ni salama kuliko baiskeli, na akataja idadi ya waliokufa kwa baiskeli, jambo ambalo halikumsaidia mtu. Wote walimalizia kwa neno moja: usiogope. Walilisema kama vile woga ni kanga aliyojifunga mwenyewe, akitaka aifungue aiweke kitini.

Siku ya tatu aliingia kibandani mwake, akaifungua cherehani nzee iliyokuwa ikiruka mishono. Alikuwa ameshika bisibisi, amekwisha kung'oa bamba la pembeni, alipojishangaa. Mikono ilikuwa imetulia tuli. Akafikiri: katika maisha yangu sijapata kuogopa kitu nilichokifungua. Hata umeme aliuogopa mpaka siku alipofungua mota ya kwanza akaona unaingilia wapi na kutokea wapi. Tangu siku hiyo aliuheshimu, lakini hakuuogopa.

Ndege hakuna atakayemfungulia. Ila yupo mtu mtaani aliyezijua kwa ndani, na kwenda kwake kulikuwa na aibu ya aina yake.

*

Nyumba ya nne kutoka kwao, chumba cha uani, alikaa mwanamke mfagia ndege. Kila ndege ilipotua, yeye na wenzake watano walipanda na mifuko na vitambaa wakaisafisha kabla abiria wapya hawajaingia. Kwa kuwa alitoka asubuhi na sare ya buluu yenye mabawa ya shaba kifuani, mtaa ukambatiza jina la Rubani. Wote walilicheka jina hilo, na Mama Bobini akiwamo.

Rubani alimkuta mgeni wake amesimama mlangoni hajui aanzeje. Akamvutia kigoda.

"Nimekuja kukuuliza mambo ya ndege, Rubani," Mama Bobini alisema, halafu akasikia alichomwita. "Samahani. Miaka yote hii sijakuuliza hata jina la kwenu."

"Mwaka wa kumi na moja huu," Rubani alisema. "Mlidhani sisikii mnavyocheka?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha kwamba gauni lako limefumuka mgongoni. Mama Bobini akaomba radhi, radhi ya kweli isiyo na maelezo marefu, na Rubani akaipokea kwa kumimina chai kwenye vikombe viwili.

Kisha akaeleza. Alijua vitu ambavyo abiria hawavijui. Chini ya kila kiti mna jaketi la kuelea, naye alikuwa mmoja wa wanaohakikisha lipo. Viti vilivyo karibu na bawa ndivyo vinavyotikiswa kidogo kuliko vya mkiani; alijua kwa mifuko ya matapishi, kwamba mingi huikuta nyuma. Alijua watu wanavyoacha vitu: meno ya bandia, pete, barua zilizochanwa. Mama Bobini aliuliza mlango unafungwaje, mkanda unashikilia wapi, hewa inaingilia wapi, na kila jibu lilizaa swali. Chai ikapoa. Alikuwa amesahau kwamba amekuja kwa sababu ya aibu.

Ndipo Rubani akauliza la kwake.

"Siku ile ulishuka kabla ya kuruka, sivyo? Gurudumu liko ardhini?"

"Ndiyo."

"Basi uliogopa nini? Maana pa kuangukia hapakuwepo."

Mama Bobini alilitazama swali lile kama nati ambayo hakuwahi kuona saizi yake. Alikuwa amewaambia watu wote anaogopa kuanguka, akajiambia hata yeye mwenyewe. Lakini ni kweli, alikimbia kutoka mahali ambapo hapakuwa na pa kuangukia.

"Sijui," alisema mwishowe. "Hebu niache nikalifikirie."

*

Rubani alifanya zaidi ya alichoombwa. Nje ya lango la mizigo la uwanja palikuwa na kibanda cha chai ambapo mafundi wa ndege hukaa wakati wa mapumziko, na siku ya tano alimpeleka Mama Bobini kwa mmoja wao, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Mama Bobini hakumtazama usoni kwanza. Alimtazama kucha. Zilikuwa nyeusi pembeni kwa grisi isiyotoka kwa sabuni, sawasawa na zake, na papo hapo akaona anaweza kuongea naye.

Fundi alidhani amekuja kutulizwa, akaanza kusema ndege ni salama. Mama akamkatiza kwa adabu.

"Samahani, baba. Bisibisi zenu mnaziweka wapi?"

Fundi alicheka. Alikuwa hajapata kuulizwa hilo na mtu yeyote. Akamweleza kwamba kila kifaa kina kitanda chake kwenye droo, kimechongwa kwa umbo lake, hivyo kisipokuwepo tundu linakutazama. Ikikosekana bisibisi moja mwisho wa kazi, ndege haiondoki hata kama waziri amekaa ndani, mpaka ipatikane. Na kila nati kubwa inayokazwa, mmoja anakaza, mwingine anakagua, na wote wawili wanatia sahihi.

Mama Bobini alitikisa kichwa kwa heshima. Yeye mwenyewe aliwahi kusahau koleo ndani ya cherehani.

"Na lile bawa, mbona linacheza? Kijana wangu alinionyesha kwenye simu. Linapanda na kushuka kama linataka kung'oka."

"Lazima licheze. Lisipocheza litavunjika."

"Kama sindano," Mama alisema polepole. "Ile ngumu kavu ndiyo inayokatika kwenye kitambaa kizito. Inayopinda kidogo ikarudi, hiyo inadumu."

"Wewe ni fundi," mwanamume alisema.

Kuanzia hapo hawakuongea kama mwenye kujua na asiyejua. Alimuuliza injini moja ikizima inakuwaje, akaambiwa ya pili inatosha kuifikisha. Na zote mbili zikizima? Fundi akavua miwani. Alisema ni jambo la nadra sana, lakini hata hapo ndege haidondoki kama jiwe. Inateleza hewani kama baiskeli inayoshuka mteremko bila kupigwa pedeli, na rubani anapata muda wa kutafuta pa kutua. Halafu akamwandalia masikio. Ikishapaa, alisema, utasikia kishindo chini ya miguu: ni magurudumu yanakunjwa. Baada ya dakika chache injini zitapunguza sauti ghafla, na hapo wengi hushika roho mkononi wakidhani zimezimika. Ni kama lori lililomaliza mlima. Dereva anapunguza mafuta.

Mama Bobini alirudia sauti zote, kwa mpangilio wake, mpaka akaridhika. Lilibaki swali moja.

"Wewe ukipanda, huogopi?"

"Naogopa," fundi alisema. "Na kijana asiyeogopa simpi spana."

*

Jioni hiyo alikaa na mumewe barazani. Alimsimulia yote, na dereva mstaafu alifurahi sana kwa lile la lori na mlima. Lakini swali la Rubani lilikuwa bado halijajibiwa, akamwuliza na yeye: kama pa kuangukia hapakuwepo, aliogopa nini?

Mumewe alijikuna kidevu.

"Miaka thelathini na miwili nimekuendesha," alisema, "na miaka thelathini na miwili umekuwa ukinikanyagia breki upande wako. Breki haipo, nawe unakanyaga. Ninapiga kona, nawe unakata usukani kwa magoti. Sijapata kukuona umelala ndani ya gari langu hata siku moja."

"Hujawahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba huniamini?"

Lilimchoma, maana lilikuwa kweli na alikuwa amelibeba muda wote huo bila kulalamika. Ndivyo ilivyokuwa pale ngazini. Mlango mzito ulikuwa unamngoja, ndani wamekaa watu wamefunga mikono, na yeye alikuwa anakwenda kuketi saa kumi na tatu pasipo kazi yoyote ya mikono yake. Kwamba atafika au hatafika ni juu ya watu asiowajua. Hakuwa ameogopa kuanguka. Aliogopa kuwa mzigo.

"Si wewe," alimwambia mumewe. "Simwamini mtu yeyote anayeshika kitu nisichokishika mimi."

"Najua. Ndiyo maana mashine zako haziharibiki." Kisha akasema kwa sauti ya chini jambo ambalo lilikuwa limemkaa tangu siku ya uzio. "Nilipokuona unatoka na sanduku, nilifurahi. Mungu anisamehe. Mtoto wangu amelala peke yake huko, na mimi nikafurahi kwamba hujaenda."

Walikaa pale, wazee wawili wenye aibu mbili. Lakini zilipokwisha kuwekwa mezani, kila mmoja aliona ya mwenzake ni ndogo.

Binti aliendelea kupiga simu siku hizo zote, ila hakuwasha tena picha. Alisema mtandao wa kwake ni mbovu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na kila alipoulizwa mapacha wanaendeleaje alijibu kwamba wapo, wanaendelea. Mama Bobini, aliyekuwa ameuliza ulimwengu mzima maswali, hapo hakuuliza zaidi.

*

Siku ya tisa hakumuaga mtu. Walitoka yeye na mumewe tu. Kwenye meza ya ukaguzi alikuwa yule yule ofisa wa fomu, akamkumbuka.

"Ni wewe tena, mama. Leo unasafiri kweli, au tulitenge sanduku lako pembeni kabisa?"

Kijana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alicheka. Wiki iliyopita maneno hayo yangemkata miguu. Leo alimjibu kwamba hajui, na kwamba kama ana uwezo wa kuliweka mahali pa kulifikia kwa urahisi, atamshukuru. Ofisa alitafuta dhihaka ndani ya jibu hilo, akaikosa, akagonga mhuri.

Woga ulikuwepo. Yeyote atakayekuambia kwamba maarifa huufukuza woga hajapanda ngazi zile. Alikwama kwenye kidato kile kile cha mara ya kwanza, na mlango ule mzito ukawa unamngoja vile vile. Tofauti ilikuwa moja: safari hii aliutazama. Aliona bawaba zake, nene kama mkono, akajiuliza zinatiwa grisi mara ngapi kwa mwezi. Alikuwa bado anajiuliza alipotambua kwamba yuko ndani.

Mhudumu, msichana mwenye kitambaa shingoni, alimwona rangi ilivyompotea.

"Mama, uko salama?"

"Naogopa," Mama Bobini alisema. "Usiniambie nisiogope. Nionyeshe tu kiti cha karibu na bawa, nilione."

Kilipatikana. Mlango ulipofungwa alisikia masikio yakiziba, akakamata mikono ya kiti. Ndege ikakimbia, ikatetemeka yote, mguu wake wa kulia ukakanyaga breki kwa nguvu zake zote, na ardhi ikaachia. Kishindo kikaja chini ya miguu. Magurudumu, alisema kwa sauti. Bibi aliyekaa jirani akamgeukia. Injini zikashuka sauti ghafla, watu watatu wakashika roho mkononi kama alivyoambiwa. Amemaliza mlima, Mama Bobini akamweleza bibi, anapunguza mafuta. Bibi akamshukuru.

Wakaingia mawinguni, na huko ndiko ndege ilipoanza kurushwarushwa kama lori tupu kwenye barabara ya makorongo. Bawa likacheza. Alilitazama likipinda na kurudi, likipinda na kurudi, machozi yakimtoka bila yeye kulia, na hakuligeuzia uso hata mara moja. Ilidumu robo saa. Halafu wakatoka juu, kwenye mwanga mweupe, na mawingu yote yakawa chini, yametandazwa kama pamba ya godoro iliyochambuliwa ikaanikwa. Alikaa akiyaangalia. Alishangaa kwamba mvua inayomlowesha mtu huko chini ina mgongo, na mgongo wenyewe umeanikwa juani. Alimwuliza mhudumu wako juu kiasi gani, na nje kuna baridi kiasi gani, na kwa nini kidirisha kina kitundu kidogo chini. La kitundu mhudumu hakulijua. Akaenda kuuliza mbele, akarudi na jibu.

Mguu haukuondoka kwenye breki saa zote kumi na tatu. Lakini alikula, na kuna wakati, karibu na mwisho, alisinzia.

*

Aliyempokea alikuwa mwanamke mnene mwenye uso wa upole, mfanyakazi mwenza wa binti, ameshika karatasi yenye jina lake. Hawakuwa na lugha moja. Ndani ya gari yule mwanamke alimtazama mara mbili, kama mtu mwenye neno asilojua pa kulianzia, na badala ya kwenda kwenye nyumba za watu aliingia kwenye geti la hospitali.

Binti alikuwa ameketi kitandani, nywele zimefungwa vibaya. Mama Bobini alimwona tumbo kabla ya kumwona uso. Lilikuwa limenywea, tupu.

"Lini?" aliuliza.

"Siku ya tatu baada ya... baada ya ile safari."

"Na nani alikuwa na wewe?"

Binti alitazama kiti kitupu kando ya kitanda.

"Ningekuambia ungepanda na mzigo mwingine juu ya ule," alisema. "Wapo, Mama. Wote wawili. Wadogo sana."

Mama Bobini aliketi ukingoni mwa kitanda. Hakuwa na fundi wa kumwuliza hapa. Kama asingeshuka ngazi zile, mkono wa mwanawe usingekosa wa kuushika. Hesabu yake ilikuwa nyepesi na hakuna aliyeweza kuibadilisha.

"Nimechelewa," alisema.

"Umechelewa," binti alikubali. Akalala kwenye bega la mama yake, akalia kilio alichokuwa amekihifadhi siku sita, na mama akamwacha alie mpaka kikaisha chenyewe. Ndipo binti akaeleza kwamba kila siku muuguzi humpeleka kuwaona. Husimama dakika mbili, akarudi. Hawezi kutazama. Wana mirija, kuna mashine inalia, na yeye huinamisha macho mpaka muuguzi amrudishe.

"Umewauliza ile mirija ni ya nini?"

"Naogopa kuuliza. Wakiniambia je?"

Mama Bobini hakumwambia asiogope. Alisimama, akanyoosha gauni lililokunjamana kwa safari, akamwinua mwanawe kwa mkono, wakaenda taratibu, mmoja mshono wa upasuaji unauma, mwingine miguu imevimba.

Watoto walikuwa ndani ya visanduku viwili vya kioo, wamelala kifudifudi, wekundu, mgongo wa kila mmoja hauzidi kiganja cha mtu mzima. Muuguzi alikuwa kijana wa kiume. Mama Bobini aliinama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akafuata mrija mmoja kwa macho tangu ulipoingilia hadi ulipotokea.

"Mwulize, huu mwembamba unaokwenda puani unapeleka nini?"

Binti alisita. Kisha akauliza kwa lugha ya pale. Muuguzi aliacha alichokuwa akifanya, akasogea, akaeleza kwa kuonyesha kwa kidole.

"Maziwa," binti alitafsiri. "Tone tone. Bado hawajajua kunyonya na kupumua kwa pamoja."

"Na ile waya ya mguuni, yenye taa nyekundu?"

"Inapima hewa iliyomo kwenye damu."

"Na mashine inayolia, inalia kwa nini?"

Binti aliuliza. Safari hii jibu lilikuwa refu, na alilisikiliza lote akiwa amekiinua kichwa. Hulia, alisema, mtoto anaposahau kupumua. Ni kawaida kwa waliozaliwa mapema. Mtu humgusa tu mgongoni, akakumbuka. Jana walisahau mara tisa. Leo, tangu asubuhi, mara mbili.

"Kumbe inawakumbusha," Mama Bobini alisema.

Alikuwa anataka kuuliza joto la ndani ya kisanduku linatoka wapi, lakini binti alikuwa amekwisha kumgeukia muuguzi. Alimwuliza jambo, kwa lugha ile ya kwao huko, akionyesha kidirisha cha duara cha kupitishia mkono ubavuni mwa kioo. Muuguzi akajibu. Binti akauliza la pili, halafu la tatu, amesogea mbele, pua yake karibu na kioo, akiwatazama wanawe kwa macho mawili wazi. Mama yake alingoja kutafsiriwa. Binti alikuwa amesahau.